Shajara ya mradi: kuhamisha RAM na SSD kutoka laptopu iliyokufa

Jumamosi, 8 Machi 2025. Kilichobaki

Laptopu yangu ya zamani ilikufa Februari. Stima ilipotea hapa Zimmerman, Nairobi, saa mbili usiku, ikarudi kwa kishindo, taa ya chaja ikazimika na haijawaka tena. Fundi aliipima akaniambia madabodi (bodi kuu ya ndani) imeungua upande unaopokea umeme, na kuibadilisha kungekula karibu nusu ya bei ya laptopu nyingine. Basi nimenunua nyingine, mtumba kutoka Uingereza, ya mwaka 2018, prosesa ya Intel kizazi cha 8, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, SSD (diski ya kuhifadhia) GB 256. Nimelipa KSh 26,500. Kabla ya kulipa niliuliza kama waranti ya miezi mitatu itavunjika nikiifungua, nikaambiwa nifungue nipendavyo mradi nisiguse madabodi. Niliomba waandike hilo kwenye risiti, wakaandika.

GB 8 hazinitoshi na GB 256 hazinitoshi. Kazi yangu ni kuhariri sauti za wazee wa Majengo, Pumwani, wakisimulia mtaa wao ulivyokuwa. Nina rekodi za saa 200 hivi. Faili zangu ni za biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, chaneli mbili, na hesabu yake ni KB 288 kila sekunde, yaani zaidi kidogo ya GB 1 kwa saa. Saa 200 ni zaidi ya GB 200 kabla sijaweka programu hata moja.

Ndani ya ile iliyokufa mna vipande viwili vya RAM vya GB 8 kila kimoja, na SSD ya M.2 (umbo la kadi nyembamba) ya GB 512. Rekodi zote zimo humo. Takriban saa 60 hazina nakala popote pengine, na watatu kati ya wazee wale wametangulia mbele ya haki. Kuhusu RAM ninataka kuokoa pesa, lakini kuhusu SSD ninataka kuokoa sauti, na naomba anayefuata shajara hii aelewe kwamba hizo ni kazi mbili tofauti.

Jumapili, 9 Machi. Kufungua zote mbili

Nimenunua bisibisi ndogo na kile kipande cha plastiki cha kubanulia, KSh 500 pamoja. Kufungua kwenyewe ni rahisi: zima kabisa, chomoa chaja, fungua skrubu, banua kuanzia upande wa bawaba, kisha chomoa kichwa cha betri kabla hujagusa kitu kingine chochote. Hilo la betri usiliruke. Laptopu iliyozimwa bado ina umeme kwenye sloti zake. Machi hii Nairobi ni kavu na nina zulia la nailoni sebuleni, kwa hiyo nimefanyia kazi jikoni, juu ya meza ya mbao, na kila baada ya muda nilishika chuma kitupu cha grili ya dirisha ili kuondoa umeme tuli mwilini.

Betri ya laptopu ya zamani imevimba. Kifuniko kilikuwa kimeinuka upande mmoja na mimi nilidhani ni skrubu imelegea. Betri iliyovimba haitobolewi, haikandamizwi wala haitupwi kwenye pipa la plot. Nimeichomoa taratibu, nimeitia kwenye sufuria kuukuu yenye mchanga na kuiweka kwenye balkoni hadi nitakapoipeleka wanakokusanya taka za elektroniki.

Kabla ya kuhamisha RAM nilisoma lebo. Za zamani zimeandikwa PC4-2133P, ya laptopu mpya PC4-2400T. Hiyo PC4 maana yake DDR4, yaani kizazi cha nne cha RAM hizi: meno 260, volti 1.2. Kama zingekuwa PC3L ningeishia hapo, maana DDR3L ina meno 204 na pengo lake liko mahali pengine, haiingii. DDR5 nayo ina meno 262 na hutumia volti 1.1. Ukilazimisha utavunja sloti. Zangu ni jamii moja, zinatofautiana kasi tu, na kasi zikitofautiana zote hufuata iliyo ya chini.

Jumanne, 11 Machi. RAM

Laptopu mpya ina sloti mbili, moja ikiwa tupu. Niliingiza kipande cha kwanza cha zamani, nikarudisha betri, nikabonyeza kitufe. Taa ikawaka, feni ikazunguka, skrini nyeusi. Nikahesabu hadi ishirini, nikazima. Nikarudia. Mara ya tatu pia.

Kosa langu lilikuwa haraka. RAM ikibadilishwa, mara ya kwanza kuwaka BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) huipima upya na kujifunza namna ya kuzungumza nayo, na wakati huo skrini hubaki nyeusi. Kila nilipozima nilikuwa naikatiza katikati. Mara ya nne nilichomeka chaja, nikabonyeza, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi ilikuwa imewaka, na inaonyesha GB 16.

Ningeweza kushangilia nikaendelea na kazi. Lakini vipande hivi vimetoka kwenye mashine iliyopigwa na stima, na RAM mbovu ni hatari kuliko RAM iliyokufa. Iliyokufa utaijua leo leo. Mbovu itakuharibia faili moja leo na nyingine mwezi ujao, na hutajua hadi uifungue ukute mlio wa kukwaruza katikati ya sentensi ya mtu. Kwa hiyo niliandaa Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi na kupima kipande kimoja kimoja, kikiwa peke yake kwenye sloti ileile.

Kipande cha kwanza kilitoa mistari myekundu ndani ya dakika kumi. Nilikichomoa, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, mwendo wa upande mmoja tu kuelekea nje, nikafuta vumbi la raba kwa pamba iliyoloweshwa spiriti ya kusafishia, KSh 300, nikaacha ikauke. Pamba ilitoka na ukungu wa kijivu, nikapata matumaini. Nilipima tena: makosa yaleyale, kwenye anwani zilezile. Uchafu huhama ukiusafisha, lakini kosa linalorudi mahali pamoja liko ndani ya chipu. Hicho kimekwisha. Nimekiandika ‘MBOVU’ kwa kalamu ya wino mzito pande zote mbili, asije mtu akakiokota na kukiuza.

Kipande cha pili kilipimwa usiku kucha. Asubuhi: mizunguko minne, makosa sifuri. Nimekiweka pamoja na kile cha GB 8 kilichokuja na laptopu. Amri ya `sudo dmidecode -t memory` inaonyesha vyote viwili vinaenda 2133. Sijaona tofauti ya kasi kwa macho, ila nimeona tofauti ya nafasi: mradi wenye njia (track) kumi na mbili za sauti sasa unafunguka na kivinjari kikiwa wazi, na SSD haihemi tena.

Alhamisi, 13 Machi. SSD inaingia, haionekani

Hapa ndipo mradi uliponitoa jasho.

SSD ya zamani ni M.2 ya ukubwa wa 2280, upana milimita 22, urefu 80. Ya laptopu mpya nayo ni 2280. Nikachomoa ile ya GB 256, nikaingiza ya GB 512. Iliingia vizuri kabisa, skrubu ikakaa pahali pake. Nikawasha. BIOS ikasema hakuna diski.

Nikachomoa, nikarudisha. Hakuna. Nikasafisha meno. Hakuna. Nikarudisha ya GB 256 nikihofia nimeua sloti, ikaonekana mara moja. Sloti nzima, SSD haionekani, na mashine ilikotoka iliungua. Nilijumlisha hayo matatu nikapata jibu ambalo sikulitaka. Usiku ule niliandika kwenye daftari majina ya wazee ambao sauti zao zilikuwa kwenye zile saa 60. Walikuwa kumi na moja.

Ijumaa, 14 Machi. Kasha lisilo lake

Nimepita Barabara ya Moi nikitoka kazini, nikanunua kasha la USB la M.2, KSh 1,900. Nilisema “nataka kasha la M.2” na muuzaji akanipa kasha la M.2. Nyumbani SSD iliingia kwenye kasha bila shida. Taa ya kasha ikawaka. Kompyuta haikuona kitu. `lsblk`, amri inayoorodhesha diski, haikuonyesha hata jina.

Mashine mbili zikasema kitu kimoja. Nililala nikiamini imekufa.

Jumamosi, 15 Machi. Mapengo mawili

Nilienda mtaa wa Luthuli kutafuta mtu wa kuokoa data. Kwenye jengo moja, ghorofa ya pili, nilimkuta kijana ana meza ya upana wa mkono mmoja kati ya maduka mawili ya simu. Hakuchomeka chochote. Aliinua SSD, akaielekeza kwenye taa, akaweka ukucha kwenye meno yake.

“Dada, hii ina mapengo mawili.”

Nilikuwa nimeyaona. Sikujua yana maana.

“Hii ni SATA. Kasha lako ni la NVMe. Hazielewani.”

Akachukua kasha lake mwenyewe, la plastiki, limefungwa kwa utepe, akaiingiza, akachomeka kwenye laptopu yake. Sekunde tatu. Folda zangu zote zikajipanga pale. Nikamwomba afungue faili moja, yoyote. Akabonyeza ya juu, na kwenye ile kelele ya Luthuli, honi za matatu na spika za madukani, nikasikia kijiko kikigonga kikombe halafu bibi mmoja wa Majengo akisema, “Ngoja kwanza ninywe chai, mjukuu wangu, ndiyo nikwambie.” Machozi yalinitoka mbele ya watu na sikuyaficha.

Kijana aliniomba KSh 200. Nilimpa 200 yake na shukrani za dhati.

Sasa maelezo, kwa atakayenifuata. M.2 ni umbo tu. Ndani ya umbo hilo hupita lugha mbili. SATA ni ileile ya diski za zamani, mwisho wake gigabiti 6 kwa sekunde, kwa vitendo kama MB 550. NVMe hupita kwenye njia za PCIe, na kwa njia nne za kizazi cha 3 hufika MB 3,500. Kwenye SSD, pengo moja kwa kawaida ni NVMe. Mapengo mawili aghalabu ni SATA, ingawa zipo NVMe chache zenye mawili, kwa hiyo soma na kibandiko au tafuta namba ya modeli. SSD yenye mapengo mawili itaingia kwenye sloti ya NVMe bila kukataa, ikakaa pale bubu. Baadhi ya laptopu sloti yao hukubali zote mbili. Yangu ni PCIe peke yake, na mwongozo wake wa mafundi unasema hivyo waziwazi kwenye ukurasa ambao ningeufungua Jumatano badala ya Jumamosi.

Nilirudi kwenye duka nilikonunua kasha. Risiti imeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudi, na hawakukubali hata kubadilisha. Nimebaki nalo.

Jumapili, 16 Machi. Nakala kwanza

Kijana wa Luthuli aliniazima kasha lake hadi Jumatatu. Nimemwomba kaka yangu diski yake ya nje ya TB 1. Nilinakili kwa `rsync`, kisha nikapitisha `sha256sum`, inayotoa alama ya utambulisho ya kila faili, pande zote mbili na kulinganisha orodha. GB 211, tofauti sifuri. Kulinganisha kulichukua muda kuliko kunakili, na nisingeiruka hatua hiyo hata kama ningekuwa na haraka.

Baada ya nakala, sio kabla, ndipo nilipopima afya yake kwa `smartctl`. Saa 9,412 za kuwashwa, TB 14 zimeandikwa, sekta zilizohamishwa sifuri. Stima iliyoua madabodi haikuigusa. Inafaa kuendelea kufanya kazi.

Jumamosi, 22 Machi. Kuipa nyumba

Laptopu mpya ina nafasi tupu ya diski ya inchi 2.5, ila walioitoa Uingereza walitoa diski pamoja na kebo na trei yake. Nafasi hiyo ni ya SATA. Kwa kuwa SSD yangu nayo ni SATA, inachohitaji ni kubadilishwa umbo tu: kuna kijikasha cha KSh 850 kinachomeza M.2 ya SATA na kutoa kichwa cha kawaida cha inchi 2.5. Hakina akili ndani, ni nyaya tu zinazounganisha meno na meno, ndiyo maana ni rahisi. Angalia unene: nafasi yangu ni ya milimita 7, na vijikasha vingine ni 9.5.

Kebo na trei KSh 1,700. Kebo ya kwanza niliyoletewa ilikuwa ya modeli jirani, kichwa chake upande wa madabodi kipana zaidi. Safari hii nilikuwa nimebeba laptopu yenyewe dukani, tukaijaribu kwenye kaunta kabla sijatoa pesa, wakaniletea nyingine. Beba mashine yako. Namba ya modeli iliyoandikwa kwenye simu haitoshi.

Nyumbani nilifunga kila kitu, nikawasha, na mbele yangu ikaja picha ya ukutani ya kompyuta yangu ya zamani, ile ya mlango wa Lamu. Kila ikoni mahali pake. Nilifurahi sana, nikaketi nikafanya kazi saa tatu.

Halafu nikatafuta mradi niliouanza wiki iliyopita, haupo.

BIOS ilikuwa imepata diski mbili zenye mifumo miwili, ikachagua ya zamani. Ubuntu yangu ya kale (mfumo endeshi wa Linux) iliwaka kwenye mashine ngeni bila kulalamika, na mimi nikawa naandikia kazi mpya ndani ya mfumo ambao niliazimia kuufuta jioni ileile. Kama ningeanza na kufuta, saa tatu zile zingekwenda nazo. Nilihamisha kazi hiyo, nikaingia BIOS na kuitanguliza ile ya GB 256, nikawasha upya, nikahakikisha kwa `lsblk` niko wapi hasa. Ndipo nikafuta sehemu zote za SSD ya zamani, pamoja na ile ndogo ya kuwashia, nikaipa mfumo mmoja wa faili wa ext4 na kurudisha rekodi kutoka diski ya kaka. Nikalinganisha tena kwa sha256. Sifuri.

Jumatatu, 24 Machi. Jina linalohama

Asubuhi laptopu imegoma kuwaka. Skrini nyeusi yenye maandishi, inaniambia niko kwenye hali ya dharura. Niligundua flashi ya Memtest bado imechomekwa ubavuni. Kwenye `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa mashine ikiwaka, nilikuwa nimeandika SSD yangu kwa jina `/dev/sda1`. Majina hayo hutolewa kwa mpangilio wa kuonekana, flashi ikatangulia, ikachukua jina, na mfumo ukatafuta rekodi zangu kwenye flashi.

Suluhisho ni kutumia UUID, namba ya utambulisho ya diski yenyewe, ambayo haihami. `sudo blkid` inakupa. Mstari wangu sasa ni huu:

`UUID=(yako) /rekodi ext4 defaults,noatime,nofail 0 2`

Hilo neno `nofail` linaufanya mfumo uwake hata diski ikikosekana, badala ya kukufungia nje.

Nimepima kasi kwa `hdparm -t`: SSD ya zamani MB 503 kwa sekunde, ya NVMe MB 1,740. Anayehariri video atalitazama pengo hilo. Mimi njia kumi na mbili za sauti kwa pamoja zinanitaka MB 3.5 kwa sekunde.

Jumamosi, 5 Aprili. Hesabu na mabaki

Wiki mbili bila tatizo. Gharama, mbali na laptopu yenyewe: bisibisi 500, spiriti 300, kasha la NVMe 1,900, kijana wa Luthuli 200, kijikasha cha inchi 2.5 850, kebo na trei 1,700. Jumla KSh 5,450. Kasha la NVMe nimemuuzia jirani mwenye SSD ya aina hiyo kwa 1,300, kwa hiyo nimetumia 4,150. Bei nilizopewa dukani za vitu vipya zilikuwa 2,800 kwa RAM ya GB 8 na 4,800 kwa SSD ya GB 512, jumla 7,600. Nimeokoa KSh 3,450 kwa wikendi tatu. Ukiwa na haraka na huna kitu cha thamani kwenye diski yako, nakushauri ununue mpya na sitakulaumu. Nilipokosea zaidi ni pale nilipojumlisha dalili kabla ya kusoma mwongozo.

Betri iliyovimba, kipande cha RAM kilichokufa na madabodi vimepelekwa kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Sikutaka viishie kwenye jaa la Dandora, motoni. Skrini na kibodi za laptopu ya zamani ni nzima. Fundi wa hapa Zimmerman amezichukua kwa ajili ya mteja wake, na kwa malipo yake atanibadilishia feni inayoanza kupiga kelele.

Imebaki hatua moja. Kaka anataka diski yake kabla ya Pasaka, ambayo ni tarehe 20, na sasa hivi nakala ya pili ya zile saa 60 iko kwenye diski hiyo peke yake. Nimeweka kando KSh 3,000 za diski ngumu ya mtumba ya TB 1. Nitaipima sekta zake zote kabla ya kuiamini, na diski ya kaka haiondoki nyumbani hadi orodha ya sha256 itoke sifuri kwa mara ya tatu.